Kazi ya Nyumbani Kabla ya Mvua Kuisha

Agosti 3

Mimi Shueb, mwenye akili timamu na diploma ya uchukuzi, naanza daftari hili kwa sababu mchana kutwa hakuna mtu wa kuzungumza naye humu ndani isipokuwa binti yangu Nafiso, na Nafiso ana miezi minane. Mpaka Ijumaa iliyopita nilikuwa ofisa wa takwimu wa shirika moja la misaada hapa Juba. Ijumaa wakatukusanya kumi na wanne chini ya turubai, wakatupa soda, wakasema wafadhili wamefunga mfuko. Miaka saba nimewahesabia magunia ya mtama, na soda yenyewe ilikuwa ya moto.

Jioni hiyo hiyo adeer Bilow akapiga simu. Adeer ni ndugu wa baba, naye humwita mtoto wa ndugu yake kwa neno hilo hilo, na huyu ndiye mkubwa wao. Ana yadi ya malori Nesitu, kwenye barabara ya Nimule, na habari ya mtu kuachishwa kazi humfikia kabla mwenyewe hajafika nyumbani. Pole hakunipa. Alisema nihamie Nesitu nishike vitabu vya malori, nilale huko huko, na kwa mke wangu nije Ijumaa. Nesitu si mbali, lakini malori hayajui saa, na barabara ile jioni haipitwi na mwenye akili zake. Nikamwambia natafuta kazi ya kufanyia nyumbani, kwa kompyuta. Akasema ananipa mpaka mvua iishe. Ikiisha, anakuja mwenyewe kunichukua.

Baba yangu alikuwa dereva wa masafa marefu, Garissa kwenda Mombasa na kurudi. Nilimjua kwa harufu ya dizeli na kwa pipi. Sitaki Nafiso anijue kwa Ijumaa. Ndiyo maana natafuta, na nitapata.

Agosti 4

Mvua. Nimeandika CV yangu, kurasa nne. Mke wangu Ruun ameisoma yote, akauliza huyu mtu ni nani na kama ameshaoa.

Agosti 7

Leo nimejaza fomu kumi na moja. Kila fomu inauliza nchi uliyopo, inakufungulia orodha uchague. Afrika Kusini ipo. Korea Kusini ipo. Halafu, kwa alfabeti ya Kiingereza, inafuata Uhispania. Sudan Kusini haipo. Nikachagua Sudan, nikasema tofauti ni neno moja tu, watanielewa. Jibu lilikuja kabla sijashusha kikombe: samahani, nchi yako ina vikwazo. Nikachagua Kenya, ambako kweli nilizaliwa. Wakataka nambari ya nyumba, jina la mtaa na sanduku la posta. Nikaandika: Mangateen, nyuma ya tangi la bluu, uliza kwa Night. Kompyuta ikasema anwani si sahihi. Wallahi ni sahihi kuliko anwani nyingi. Hata mtu kipofu angefika.

Agosti 12

Huyu Night ni jirani yetu. Ana kibanda cha chai ukutani kwetu, na juu ya kibanda ana dishi la neti ambalo anauzia wateja kwa saa. Mimi naipata hapa ndani kupitia ukuta. Ni mtu wa Kajo-Keji, lakini alikulia kambini Uganda, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha Uganda na changu ni cha darasani Garissa. Tunaelewana robo tatu. Hiyo robo iliyobaki huwa tunaijaza kwa tabasamu.

Leo aliniuliza ninashinda ndani nafanya nini, mwanamume mzima. Nilikuwa na Nafiso begani na kitambaa cha matapishi mkononi, sikuwa na nafasi ya maelezo marefu. Nikamjibu natafuta kazi ya nyumbani. Akanitazama kwa huruma sana. Akasema, "Malesh, Baba Nafiso," yaani pole, kisha akakataa kupokea malipo ya chai. Nikasema moyoni, watu wazuri bado wapo.

Agosti 14

Aibu ya leo naiandika nikiwa nimekaa chini.

Saa tatu asubuhi mama mmoja alibisha hodi akiwa na beseni kichwani. Nikadhani anauza samaki. Akalishusha mlangoni, ndani mna shuka sita na kanzu ya mumewe. Akauliza nafua kwa maji ya tangi au ya mto, na kama pasi ninayotumia ni ya mkaa. Kabla sijapata ulimi, wa pili akafika na mapazia. Wa tatu hakuja na nguo. Yeye alitaka tu kujua kama napika wali bila kuunguza, maana msichana wake ameondoka na harusi iko karibu.

Kosa ni langu. Nilipaswa kusema kazi ya kufanyia nyumbani. Mimi nilisema kazi ya nyumbani, na Night akaitangaza kwa Kiarabu cha Juba, shokol ta bet, kufua na kupika na kufagia, kwa kila aliyekaa kunywa chai tangu juzi. Mchana mzee wa msikitini alinipigia. Kwa sauti ya taratibu aliniambia kazi ni kazi, lakini nisikate tamaa haraka hivyo, labda kuna magunia ya kubeba mahali.

Ruun alirudi saa kumi na mbili kutoka sokoni Konyo Konyo, ambako anakaa dirishani katika duka la kutuma pesa. Nilimweleza yote nikitarajia kutulizwa. Alicheka mpaka akakaa sakafuni na buibui lake. Alipopata pumzi akauliza, "Na shuka ulikataa?"

Agosti 15

Nimemfokea Night. Nimemwambia mimi ni ofisa wa takwimu. Hakuomba radhi hata kidogo. "Mimi naona wewe iko nafua nguo ya mtoto kila siku, na iko nafua vizuri," alisema. "Mimi nilisema, huyu iko na uzoefu."

Agosti 16

Hakuna neti. Night amebadilisha pasiwadi.

Agosti 17

Hakuna neti. Mvua.

Agosti 18

Nimeomba msamaha mbele ya wateja saba. Pasiwadi mpya ni HESHIMA, herufi kubwa zote.

Agosti 26

Maombi thelathini na mbili. Majibu manne. Matatu yanasema hapana. La nne linasema wanafurahi kunijulisha kwamba wamelipokea ombi langu, halafu basi.

Septemba 2

Leo nilikuwa na intavyuu ya kwanza. Kampuni ya kujibu simu za wateja, ofisi Kampala, msimamizi mama mmoja anaitwa Kevina. Saa tano ya kwao, yaani saa nne ya kwetu. Hilo nililipiga hesabu mara tatu. Nilivaa shati jeupe na tai. Chini nilibaki na kikoi, maana kamera haishuki huko. Ofisi niliijenga pembeni ya chumba: meza ni gunia la mchele na ubao juu yake, nyuma yangu nikatundika kalenda ya duka kuficha ukungu. Nafiso nilimlaza kwenye neti ya mbu, akalala fofofo. Nikasema leo mambo ni leo.

Saa nne na dakika sita mvua ikaanguka juu ya mabati.

Hakuna mtu aliyewahi kukaa chini ya mabati ya Juba mwezi wa tisa ambaye anahitaji nimweleze. Asiyewahi, ajue tu kwamba mtu na mkewe hawawezi kugombana. Kevina alifungua mdomo, nikaona meno, sauti sikupata. Alionekana kuniuliza uwezo wangu mkubwa ni upi. Nikapaza sauti nikasema, "Utulivu!" Akauliza kama niko kiwandani. Nikasema niko nyumbani. Akauliza nyumba iko karibu na kiwanda?

Hapo tone la kwanza likaanguka juu ya kibodi. Kuna tundu moja tu kwenye bati letu zima, na mimi nilikuwa nimejenga ofisi chini yake. Nikaruka kuchukua sufuria. Nikasahau kikoi. Niliporudi, Kevina alikuwa ameinamisha kichwa anaandika kitu kwa muda mrefu, mabega yanamtikisika. Nafiso akaamka na kulia. Nikampakata, nikamalizia intavyuu hivyo, sufuria kwenye goti moja na mtoto kwenye lingine. Kevina aliniaga vizuri. Alimpungia Nafiso mkono.

Septemba 3

Nimekataliwa. Sababu waliyotoa ni mazingira.

Septemba 9

Mtu wa WhatsApp ameniahidi kazi ya kutazama vidio. Lazima kwanza nimtumie ada ya kujiandikisha. Nimemjibu anitumie yeye ada ya kusoma ujumbe wake.

Septemba 20

Maombi sitini na moja. Sijisikii kuandika habari zake.

Nafiso amesimama. Alishika gunia la mchele, yaani ofisi yangu, akajivuta, akasimama hesabu ya tano, akaketi kwa kishindo na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemwangusha. Nilipiga kelele mpaka Night akaja na mwiko mkononi akidhani ni nyoka. Ruun nilimwonyesha jioni, lakini Nafiso alikataa kurudia. Ruun akasema si kitu, ataona kesho. Alisema hivyo akiwa amesimama, anakula kwa haraka na viatu bado miguuni, na nikagundua kwamba kwa miezi yote hii sijawahi kumwona akikaa chini kabla hajamaliza. Nilipokuwa na kazi, mimi ndiye niliyekuwa nikiingia na kuuliza chakula kiko wapi, kama mtu aliyepoteza kitu. Nimeona haya. Nimemvua viatu. Ameniuliza nimevunja nini.

Oktoba 6

Siku tatu bila mvua. Mtaa mzima unashangilia. Night anasema hajawahi kuona mtu mwenye akili akilinunia jua. Adeer amepiga simu kuuliza hali ya hewa, akakata bila salamu nyingine.

Oktoba 9

Mvua kidogo. Alhamdulillahi.

Oktoba 13

Mvua imeisha tangu juzi, na leo adeer amekuja.

Aliteremka kutoka kwenye lori la sementi saa tano asubuhi, kanzu nyeupe, fimbo, ndevu zimepakwa hina. Sikuwa tayari. Nilikuwa nimemaliza kufua nguo za Nafiso na kumwaga maji ya sabuni hapo hapo mlangoni, kwa uvivu, nitakiri. Adeer alisimama ng'ambo ya matope akanitazama na beseni langu. Alisema, "Shueb, nenda ukavae suruali, tunaondoka." Nikamwambia adeer, zunguka huku, hapo panateleza. Akasema hajazungukishwa na mtu tangu azaliwe, akapiga hatua.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuachia neno lolote la siku ambayo mkuu mwenyewe ndiye hasikii. Alikwenda chini na fimbo yake, na kanzu yake, na hina yake. Mimi, Night na wanywaji chai wawili tulimbeba mpaka zahanati. Kifundo kimeteguka vibaya. Daktari amekifunga bendeji, akasema asikikanyage wiki mbili, na asipande lori hata kwa dawa.

Sasa amelala sebuleni kwetu, mguu juu ya gunia la mchele. Ameshasema mara nne kwamba yadi itakufa bila yeye.

Oktoba 14

Adeer halali, haongei. Nafiso amemvuta ndevu. Akamwacha avute.

Oktoba 16

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu ya tatu alijipa jembe mwenyewe. Alfajiri tu baada ya sala niliamshwa na sauti yake akimfokea Deng, karani wake kule Nesitu, kwenye spika. Malori manne yameingia, hajui lipi la nani. Adeer hasomi ujumbe wa simu, anasema herufi ni ndogo kwa makusudi. Basi nikamwambia Deng apige picha kila lori linapoingia, nambari ya mbele na karatasi za mzigo, anitumie mimi, na anieleze kwa ujumbe wa sauti. Nikafungua kompyuta. Kufikia adhuhuri nilikuwa na orodha: lori gani, la nani, limebeba nini, limetoka lini. Mawili yalikuwa ya sukari ya mtu mmoja na yalikaribia kushushwa kwa mwingine. Adeer aliniambia nisome orodha tena, polepole. Hakusema nimefanya vizuri, ila aliagiza chai mbili kwa Night badala ya moja.

Oktoba 19

Malori kumi na saba. Night ametupa pasiwadi mpya bila kuombwa. Anasema kelele za mzee zinamletea wateja, watu wanakuja kusikiliza.

Oktoba 22

Ruun ameingia akatukuta hivi: adeer amelala chali anagombana na dereva wa Nimule, Nafiso amekaa juu ya tumbo lake anatafuna tasbihi, na mimi napika kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Alisimama mlangoni kwa muda bila kuvua viatu. Kisha akakaa chini nasi. Alikaa kabisa.

Oktoba 28

Leo bendeji imetoka. Adeer ametembea mpaka chooni na kurudi, akasema mguu ni mzima, kesho asubuhi lori linakuja, nifunge virago.

Nilidhani ameona. Wiki mbili nzima nilikuwa nikijiambia, mzee huyu ana macho, mwisho atasema mwenyewe. Hakuona kitu. Basi nikasema mimi. Nilimgeuzia kompyuta nikamwambia, "Adeer, siku kumi na tatu umeendesha yadi kutoka kwenye mkeka wangu. Malori mia na tisini na nne. Hakuna hata moja lililopotea. Umefanya kazi nyumbani."

"Mimi sikufanya kazi," alisema. "Mimi nilikuwa mgonjwa."

Nikamwambia basi hata mimi nitakuwa mgonjwa. Ruun alinikanyaga. Sikunyamaza. Nilimwambia hata aninyime radhi, siendi kulala Nesitu kwa ajili ya vitabu ambavyo naweza kuvishika hapa, Deng akipiga picha. Binti yangu amesimama mara ya kwanza na mimi ndiye niliyeona. Nilisema mengi. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo, nilikuwa nimejiandaa hata kwa laana.

Adeer aliutazama mlango. Alikaa hivyo mpaka Nafiso akamtambalia.

"Nani amekuambia nataka mtu wa vitabu?" alisema. "Vitabu Deng anaweza." Akamwondolea Nafiso tasbihi mdomoni. "Tangu Falhado afariki nakula peke yangu. Miaka minne. Wanangu wako kwenye baridi huko, wananitumia picha za theluji. Mpishi ananiletea sinia ile ile tuliyokuwa tukila sote, maana nikiomba sahani ya mtu mmoja, yadi nzima itanionea huruma. Mtu hakai na sinia peke yake, Shueb. Si adabu."

Marehemu Falhado alikuwa mkewe. Nilisaidiana na adeer kumzika, nikarudi Juba kesho yake, na sijawahi kumuuliza anakula na nani. Miezi mitatu nimemwandika humu kama mkuu wa gereza.

Ruun ndiye aliyesema. Alisema Ijumaa adeer atakula hapa, hilo si ombi. Siku nyingine atupigie kwa vidio saa saba, tule pamoja, halafu malori. Adeer alijibu kwamba chakula si redio, hakiliwi kwa mawimbi. Alilala akiwa ameupa ukuta uso.

Oktoba 29

Ameondoka na lori la asubuhi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Virago vyangu alivitazama hapo mlangoni, nilikuwa nimevifunga usiku ili asiseme nimemkaidi, akavipita. Matope alizunguka.

Oktoba 30

Saa saba simu haikulia. Picha za malori zinaendelea kuja kutoka kwa Deng, nami naandika, sijui kama nimeajiriwa. Night ameuliza. Nimemwambia sijui.

Oktoba 31

Saa saba na dakika mbili simu ililia, vidio. Niliiegemeza kwenye kopo la maziwa. Kwanza nikaona dari, kisha pua, kisha sauti ya Deng ikimwelekeza ageuze. Halafu adeer akatokea, amekaa kwenye mkeka wake Nesitu, peke yake, na sinia pana mbele yake, wali na nyama ya mbuzi na ndizi pembeni. Salamu ilikuwa fupi. Alitaka kumwona Nafiso, akamwona. Aliuliza nyama yangu ni ya wapi, akasema inaonekana ngumu. Akasema bismillahi, akala.

Nami nikala, na tukazungumza habari ya lori la Kampala lililopasuka gurudumu, mpaka nikaona amenawa vidole. Sinia yake ilikuwa tupu kwa upande wake. Upande ulioielekea simu wali ulikuwa umejaa kama ulivyoletwa, ndizi juu yake haijaguswa, na nyama nzuri zote zilikuwa zimesogezwa huko. Nikamuuliza mbona hakumaliza chakula, au mguu bado unamuuma.

"Huo upande si wangu," alisema. "Ni wako. Kula haraka, adeer, Deng anasema matatu yameingia."

Niliigeuza sinia yangu, nikasogeza nyama upande wa simu, nikamwambia naye asiondoke kwanza. Akakaa.